Mashavu ya Magesa

Juzi, kwenye kituo cha afya Bunda, niliona ukutani picha ya mtoto mwenye utapiamlo, aliyevimba miguu, nikakumbuka harufu ya uji wa shule ulioungua.

Kijijini kwetu, karibu na Kibara, wazazi walichangia shule mahindi na kuni, wakapokezana kupika. Mchana ule ilikuwa zamu ya mama. Mdogo wangu Magesa alikuwa mgongoni mwake, halii wala hachezi. Mimi nilimwonea fahari: mashavu yalimjaa, nywele zikawa nyekundu kama za mzungu.

Mama alipomchotea uji, mwenyekiti wa kamati ya wazazi alimzuia, akimwita kwa jina langu.

"We mama Nyamisi, uji ni wa watoto wa awali. Huyu hajaandikishwa."

"Kidogo tu, dada. Tangu jana hajala."

"Hajala? Na alivyonona hivi! Si anakulaga kuliko sisi?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Mama akarudisha uji sufuriani.

Mwalimu wetu hakucheka. Alibonyeza mguu wa Magesa kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nilidhani ni mchezo, nikabonyeza na mimi.

"Mama, mpeleke hospitali sasa hivi," alisema.

Mama aliondoka kwa miguu. Aliporudi, kanga ya kumbebea mtoto ilikuwa imekunjwa mkononi.

Kamati ilileta mahindi msibani, yakapikwa makande. Nilidhani ni sherehe. Tulikula wote, hata watoto wa mgongoni, na hakuna aliyeuliza nani kaandikishwa.