Bole ya Barabarani

Habari zilinikuta kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu: yule sajini wa trafiki wa kona ya kuingilia Galbet ameitwa na Mola wake, na atazikwa baada ya adhuhuri. Inna lillahi. Kinyozi aliweka wembe chini. Karibu wote tuliokuwa pale tuliwahi kusimamishwa na marehemu, na wote tulisikitika, jambo ambalo, wasomaji wangu, si kila askari wa barabarani hulipata.

Alikuwa mzaliwa wa Balambala, na ulimini mwake p iligeuka b. Akikusimamisha hakuhutubu, aliinama dirishani akasema, "Bole bole," basi. Tukambandika jina hilo. Wenzake walijibanza nyuma ya vichaka vya mathenge wakivizia magari. Yeye alisimama juani peupe, koti lake la manjano likionekana tangu mbali. Siku moja nilimtania kwamba kwa mtindo huo hatakamata mtu hadi astaafu. Akanijibu bila kucheka, "Nikijificha, nitashika derefa amegonga mtu tayari. Nikionekana, atashika breki mwenyewe."

Mimi nilicheka. Wiki hiyo hiyo nilichelewa kazini, nikawa nakanyaga mafuta kama mwendawazimu, mara nikaliona lile koti. Nikapunguza mwendo, na nakiri ilikuwa kwa woga, si kwa adabu. Kupinda kona tu, watoto wa duksi walikuwa wamejaa barabarani na mbao zao za Kurani, na aliyetangulia alikuwa binti yangu. Gari lilisimama hatua chache kutoka kwake. Sajini hakuniandikia kesi, maana hapakuwa na kosa la kuandika.

Sisi huwasifu askari wanaokamata wengi. Mimi najivunia huyu aliyekamata wachache. Tulipotoka makaburini, kona ile ilikuwa tupu, lakini lori la mbuzi lililotutangulia likapunguza mwendo, na magari yote yakafuata. Nikapitia kwa mjane wake kumpa pole, ulimi ukateleza, nikasema, "Bole." Niliona haya sana. Yeye akatabasamu, akasema mumewe alikuwa akimwambia kila asubuhi, "Heri bole ya barabarani kuliko bole ya msibani."

Ya barabarani alinipa mara nyingi, nami nikinung'unika. Ya msibani, kwa sababu yake, haijabisha mlangoni kwangu.