Kaburi Ndani ya Ferme

Baba alikamatwa Jumapili baada ya misa, akiwa amepiga magoti kwenye kaburi la mama aking'oa majani. Zamu, mlinzi wa ferme ile kubwa ya ng'ombe, alimshika mkono, akamtoa hadi getini kama mwizi wa viazi. Waliponiletea habari nilikuwa nakoroga uji wa watoto. Nilimaliza kukoroga, nikanawa mikono, ndipo nikaenda. Siku hizo ndivyo nilivyokuwa: habari iliingia sikioni ikakaa huko huko, haikushuka moyoni.

Mama alifariki kabla hatujakimbilia kambini Kitshanga. Tulimzika nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba la maharagwe, maana kwetu mtu huzikwa kwake. Tuliporudi kilimani baada ya miaka, nyumba haikuwepo, na seng'enge ilikuwa imezunguka upande wote ule hadi kijitoni. Mwenye ferme ni mkubwa fulani anayeishi Goma. Sijamwona hata siku moja, nawajua ng'ombe wake tu. Yeye ana cheti cha ardhi. Sisi tulikuwa na neno la babu, na babu amekufa. Kaka yangu aliitazama ile seng'enge asubuhi moja, akafunga mfuko wake, akaenda Omate kuchimba madini. Tuliobaki tulilima humo humo ndani kwa salongo: unamfanyia mwenye ferme kazi siku zake, naye anakuachia kipande cha kulima. Maharagwe na viazi peke yake. Mgomba hapana, kahawa hapana, mti hapana. Mtu mwenye mgomba anaweza kusimama kesho akasema yuko hapo tangu zamani.

Baba hakutaka shamba. Alitaka jambo moja: siku yake ikifika, alazwe kando ya mama. Alilisema tangu kambini, kwa sauti ile ile ambayo mtu huombea chumvi mezani.

Baada ya kukamatwa kwake, shefu wa kijiji alituita tuzungumze habari ya watu wanaoingia kwenye ferme za wenyewe bila ruhusa. Ferme ilisemewa na jeran, yaani msimamizi wake, kijana wa buti za mpira na sauti ya chini, tunayeimba naye kwaya moja. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Hakuwa.

"Ferme iko ya muntu," alisema. "Ukikuta muntu ndani ya nyumba yako, utamuuliza anatafuta nini. Njo vile tu."

"Na njia ya maji?" akauliza mama mmoja aliyeketi nyuma yangu. "Ile njia ilikuwa pale zamani, seng'enge yenu haiyakuya bado."

"Njia ya maji patron wa Goma hajaikataza, mama. Mupite, mufunge geti. Ngombe zikitoka, ni mimi banaulizaka."

Wakabishana hivyo muda mrefu, njia, maji, kuni, nani alitangulia na nani ana karatasi. Kisha baba akasimama, kofia mkononi.

"Mimi siombi shamba," alisema. "Naomba njia ya kaburi. Na siku Mungu ataniita, munilaze pembeni ya bibi yangu. Njo ile tu."

Jeran alitazama buti zake. "Papa, kwa ile nitaongea na patron. Muntu mumoja, fasi kidogo. Naona hatakataa."

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa tayari nafikiria nitapika nini. Lakini baba mdogo, ndugu yake baba, ni mtu asiyeweza kuona watu wamenyamaza bila kuwahutubia. Harusini anachukua neno, kilioni anachukua neno, na siku hiyo alilichukua pia. Aliona aibu kumsikia kaka yake akiomba.

"Kwa nini tunaomba?" alisema. "Fasi ya muntu njo fasi bantu yake benye kufa banalala. Mama ya huyu mutoto iko pale. Kaka yangu akilala pale, itakuwa kaburi mbili. Kesho mimi, na watoto yangu. Nani atasema ile udongo haiko yetu?"

Watu waliguna kwa kukubali, wengine wakapiga makofi. Hakudanganya. Kwetu hata mtoto anajua kwamba makaburi ndiyo yanayoonyesha kilima ni cha nani. Na jeran ni mtoto wa huku huku, naye anajua. Niliuona uso wake ukifungwa.

"Kumbe kaburi iko kama mugomba," alisema polepole. "Nilizani munaomba fasi ya kulia. Kumbe munataka kupanda."

Baba aliketi. Hakumtazama ndugu yake njia nzima ya kurudi.

Jibu la Goma lilikuja kwa simu. Hakuna atakayezikwa ndani ya ferme. Atakayekutwa ndani bila ruhusa atapelekwa polisi. Kwa huruma, patron anaipa familia asubuhi moja ya kuingia na majembe, ikamtoe mtu wake.

"Tukatae," alisema baba mdogo. "Tukimutoa, tumemaliza yote." Hapo alisema kweli, nakubali, ingawa nilikuwa nimechoka kumsikiliza.

Baba akamuuliza, "Nikikufa, mutaniweka fasi gani?"

"Kwa makaburi ya paroisse, pale kwa kanisa."

"Na yeye atabakia na ngombe."

Kwa mara ya kwanza baba mdogo hakuchukua neno.

"Twende tumuchukue," alisema baba.

Tukaingia, baba mdogo naye akaja. Nilikiona kitenge cha mama, nikakitambua kwa rangi. Nilingoja kilio kije. Hakikuja. Nilifikiria viazi nilivyokuwa sijavuna. Baba aliinama, akamweka mwenyewe kwenye shuka jipya, mfupa kwa mfupa, bila haraka, huku akimweleza kwamba tunaenda karibu tu, pale kwa paroisse. Tulipofukia shimo, jeran alituomba tukanyage vizuri, ng'ombe asije akavunjika mguu. Tukakanyaga. Nilikanyaga pale alipolala mama yangu na sikuhisi kitu, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Getini zamu alituuliza swali analomuuliza kila anayetoka, kwa sababu watu husahau mapanga na vidumu ndani, halafu humsumbua.

"Papa, hakuna kitu yenu yenye imebakia?"

Baba alilipandisha shuka begani.

"Hapana," alisema. "Haiko tena kitu yetu kule ndani."