Sombe ya Mama Masika

Harufu ya sombe inayochemka haifanani na ya mboga nyingine yoyote. Mwanzoni ni ukali wa majani mabichi yaliyopondwa, kama uwanja uliofyekwa baada ya mvua. Kisha, moto ukiendelea, inatulia, inanona, inapenya kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye nywele za watoto, mpaka mpita njia anajua ni nyumba ipi itakula vizuri leo. Watu wa pwani huiita kisamvu. Sisi tuliokulia Bwera, mlangoni pa Kongo, tunaiita sombe, na katika majira yetu ya kwanza pale mama yangu aliamini kwa moyo wake wote kwamba ni sumu.

Tulikuwa wageni. Baba alikuwa askari, Mwacholi wa upande wa Kitgum, na jeshi lilipomhamishia huku magharibi alikuja kutuchukua sote: mama, mimi Akello niliyekuwa nimeanza shule juzijuzi, na mdogo wangu Okot aliyekuwa bado akibebwa mgongoni. Uganda ilikuwa ileile, bendera ileile, lakini kwa mama pale palikuwa ughaibuni kabisa. Kwao ardhi ni tambarare, mgeni unamwona akiwa mbali na unapata muda wa kuinjika chungu. Bwera mlima ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba, mawingu yakishuka yanameza nusu ya kambi. Majirani walizungumza Lhukonzo, na wakikuonea huruma walikugeuzia Kiswahili chenye Kongo nyingi ndani yake. Mama alijua Kiswahili cha amri tu, kile cha simama, kaa, leta.

Kilichomshinda zaidi ni chakula. Alikuwa amelelewa kwa ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyoungwa kwa odi, ile rojo nzito ya ufuta na karanga inayosagwa juu ya jiwe. Bwera tulipata bundu, ugali wa muhogo unaovutika, na ndizi za kupika, na samaki waliopanda boda boda kutoka ziwani Katwe wakiwa wamekwisha kuchoka. Mama alisema ndizi zinateleza kabla hujazionja, na bundu inakwama unapotaka ishuke. Akawa anapika vyote hivyo kwa ajili yetu, anatupakulia, halafu yeye anakunywa chai ya rangi. Najua sasa kwamba chai ile ilikuwa inazidi kumnyang'anya madini ya chuma hata ya kile kidogo alichokula. Wakati ule niliona tu kikombe chake hakikauki.

Polepole alinyamaza. Mama yangu alikuwa mtu wa kuimba anapochambua mboga, mtu wa kumtania baba kuhusu miguu yake myembamba ndani ya buti. Nyimbo zikakoma, kisha utani, kisha hata kutugombeza. Alikuwa akikaa kitandani mchana, mlango umefungwa, na nikirudi shuleni ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Nilikuwa naiba muda wa kucheza ili nikae karibu naye. Niliogopa sana, wala sikujua naogopa nini.

Baba alimpeleka zahanati. Sista alimvuta ngozi chini ya jicho, akatazama, akatikisa kichwa. "Damu iko chini sana, afande," alisema. "Hata roho inachoka damu ikiisha." Akatoa vidonge vyekundu vya kuongeza damu na vingine vya njano vya vitamini, akasisitiza vimezwe pamoja na chakula, na majani ya kijani kila siku. Baba alisikia vidonge, neno chakula likampita. Jioni alisimama mbele ya mama mikono nyuma, akatoa amri: "Meza!" Mama alimeza tumbo likiwa tupu, akatapika. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameoa mke ambaye sasa anaisha mbele ya macho yake, na kazi yake ilikuwa imemfundisha njia moja tu ya kuonyesha wasiwasi, nayo ilikuwa kupaza sauti.

Amri iliposhindwa, akafanya alichoona ni huruma. Aliomba nafasi kwenye lori la kambi lililokuwa liende Kampala mwisho wa mwezi. Kutoka pale mama angepanda basi hadi kwao, akale chakula cha mama yake. Okot angeenda naye kwa kuwa ni mchanga. Mimi ningebaki kwa sababu ya shule. Alituambia tukiwa tunakula, na mama hakubisha. Kutobisha kwake ndiko kulikoniliza.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, kwa kuwa tulikuwa tumepanga nyumba nje ya ua wa kambi, alikuwa mwanamke Mkonzo aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka na kuolewa upande huu. Tulimwita Mama Masika, kwa jina la binti yake wa kwanza. Tangu tufike alikuwa akituletea sombe kwenye bakuli la bati lililofunikwa jani la mgomba. "Kamata, Mama Akello. Batoto beko na njaa, na wewe uko mukavu sana," alikuwa akisema, kisha anaondoka bila kungoja jibu, kwa adabu. Mama alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru. Mlango ukifungwa, alichukua jembe, akaenda nyuma ya choo, akaizika sombe yote. Bakuli alilisugua kwa majivu na kulirudisha likiwa linang'aa. Mama Masika alipoona linavyorudi safi aliamini tunaipenda mno, akaongeza kipimo.

Mazishi haya yangeendelea kama si kuku. Asubuhi moja kuku wa Mama Masika walivuka kuja kwetu, wakafukua, na mama akawakuta katikati ya karamu. Hakuwafukuza. Alisimama na jembe mkononi akiwatazama kwa hofu, akingoja wa kwanza aanguke. Hakuanguka hata mmoja. Aliyetokea ni Mama Masika mwenyewe, akifuata kuku wake, na akaiona sombe yake imechanganyika na udongo.

Nakumbuka uso wake. Mtu ambaye ameamka kabla ya jua kutwanga majani, akayachemsha kwa kuni za kununua, anakuta jasho lake limezikwa nyuma ya choo. Aligeuka aondoke. Hapo mama, ambaye kwa majuma alikuwa hazungumzi hata na sisi, akaangusha jembe na kumshika mkono. Machozi yalimtoka, na Kiswahili kikamtoka kilivyokuja.

"Mama Masika, hapana kasirika! Hii majani naua mutu. Kwa baba yangu mbuzi nakula majani ya muhogo, nakufa. Mbuzi mingi! Mimi naona na macho yangu."

Mama Masika mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mbuzi alikula mubichi! Ee, Mama Akello, mbuzi iko na kinu? Mbuzi iko na sufuria? Sisi batu tunatwanga, tunachemusha, sumu inakimbia. Miezi yote hii ulifikiri nakuletea kifo, na bado unanirudishia bakuli ya kung'aa?"

Mama naye akacheka. Kicheko kilikuwa kimepata kutu, lakini kilikuwa chake, nami nikarukaruka pale kama mwendawazimu.

Siku iliyofuata Mama Masika alikuja na kinu kichwani na fungu la majani kwapani. Walitwanga kwa zamu, mmoja akiinua mchi mwingine akisukuma majani kwa vidole, na kila hatua Mama Masika alimwonyesha: povu hili mwaga, maji haya badilisha, sasa acha ichemke mpaka uchoke kungoja. Ilipoiva mama alionja kwa ncha ya kijiko. Aliingia ndani, akatoka na kopo la mafuta ya kupikia lililofungwa kwa kitambaa. Sikujua hata lilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na odi aliyosagiwa na bibi siku tulipoondoka, na tangu hapo hakuwahi kuigusa. Alikuwa akiitunza, kwa kuwa ikiisha ndiyo kwao kumekwisha. Siku ile alichota kijiko kikubwa, akakitia kwenye sombe, akakoroga. Walikula kutoka sahani moja. Mama Masika alilamba vidole na kuuliza mafuta gani hayo yasiyouzwa sokoni.

Kuanzia hapo vidonge vilipata chakula cha kulalia, vikakaa tumboni. Mama alianza kufungua mlango asubuhi. Odi ilipoisha walinunua ufuta sokoni kwa mfanyabiashara Mwislamu wa Arua aliyekuwa akiuleta kwa lori lake, wakasaga yao. Siku lori la kambi lilipokuja kumchukua, likapiga honi mbele ya nyumba, baba akiwa ameshika mkoba, mama alikuwa kwenye kinu. Hakuacha kutwanga.

"Ambia dereva yeye naenda bila mimi," alisema. "Mimi iko kazini."

Baba akamwambia dereva, "Afande mkubwa amekataa." Akarudisha mkoba ndani. Nilimpenda sana baba siku ile.

Nani alimponya? Sista angesema vidonge, na sina ubishi naye. Mama Masika hadi leo anasema sombe. Baba, akiwa na wageni, husema ni amri yake.

Nayafikiria hayo sasa kwa sababu zamu imenifika. Naishi Ulaya, kwenye mji ambao jua la Desemba huchungulia mchana na kuondoka. Nilikuwa nakula mkate nimesimama jikoni, nalia kwenye basi bila sababu. Daktari alipima damu, akasema vitamini D imeshuka na madini ya chuma pia, akanipa matone na vidonge. Nameza, na kweli asubuhi zimekuwa nyepesi kidogo. Kwenye friza nina pakiti ya sombe niliyoinunua duka la Wakongo, na kwa majira yote ya baridi nimekuwa nikiipita bila kuigusa, naitunza.

Jumapili nilimpigia mama simu. Baba alipostaafu alitaka warudi kaskazini. Mama ndiye aliyekataa, wakanunua kiwanja Munkunyu, si mbali na Bwera. Nilimweleza kuhusu matone. Alisikiliza yote, akaniambia nisiyaache. Kisha akauliza, "Na unakula na nani?"

Nikatoa pakiti, nikaiinjika. Harufu ilijaza korido nzima, na jirani yangu, bibi mjane ambaye tumekuwa tukisalimiana kwa vichwa tu, akafungua mlango kuona kuna nini. Nilimkaribisha. Aliitazama sufuria ile ya kijani kibichi kwa jicho ambalo nimewahi kuliona, nyuma ya choo, Bwera. Nikamwambia, kwa lugha yake ninayoivunjavunja, kwamba mbuzi hana kinu. Hakuelewa hata kidogo, lakini alivuta kiti akakaa.