Mpingaji wa Jumamosi

Fundi cherehani mmoja, mtaa mzima ulimwita Mama Sikubali, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kila Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye ukumbi ulio nyuma ya posta, watu walikutana kusema yaliyo moyoni bila kuogopana. Kanuni ilikuwa moja tu: hoja isiyo na mpingaji haipigiwi kura. Na kwa kuwa wengine waliona haya kumpinga jirani macho kwa macho, kazi hiyo ilimwangukia yeye. Kwa miaka tisa alipinga kila kitu: taa za barabarani, kuzibuliwa kwa mitaro, hata hoja ya kumpongeza mkunga mstaafu aliyemzalisha yeye mwenyewe watoto watatu.

Jumamosi moja mwenyekiti, kinyozi mwenye sauti ya asali, akaleta hoja kwamba Mama Sikubali awe mpingaji wa kudumu, maisha yake yote. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama akainuka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akapinga. Alisema mtu mmoja hawezi kuwabebea wenzake ulimi. Kwamba ukumbi umebweteka. Kwamba yeye mwenyewe, tuseme ukweli, anachosha. Alizipanga hoja hizo kwa ufundi mpaka watu wakabaki vinywa wazi. Kura zilipohesabiwa, alikuwa ameshinda kwa kishindo. Palepale, kwa ushindi wake huohuo, akapigwa marufuku kupinga.

"Hongera sana," kinyozi akampa mkono. "Tutakukosa."

Tangu hapo mikutano ikawa ya dakika nne. Hoja inasomwa, wote wanaafiki, hakuna mpingaji, kwa hiyo hakuna kura. Mtaro wa sokoni uliziba, na watu wote walikubaliana kwamba umeziba.

Moto wa kupinga ulihamia nyumbani kwa Mama Sikubali. Mumewe, mpishi wa shule, alikuwa mpole kiasi kwamba maneno yake ya kutwa yangeenea kwenye kijiko. Akisema leo kuna joto, anaulizwa ana ushahidi gani. Akinyamaza, anaambiwa kimya si hoja.

Wiki ya sita akavua aproni, akaenda ukumbini.

"Ndugu zangu," akasema akijifuta jasho, "mlichokitupa huku, mimi nakila kule, asubuhi na jioni. Nawaomba, mrudisheni mke wangu kazini."

"Tunaafiki!" ukumbi ukaitikia.

"Nani anapinga?" kinyozi akauliza. Hakuna mkono ulioinuka. "Basi, shemeji, kanuni ni kanuni. Hatuwezi kupiga kura."

Mkewe alikuwa kiti cha nyuma, amejiuma midomo kwa marufuku yake. Basi mpishi wa watu akahamia upande wa pili wa jukwaa, akaanza kujipinga. Alianza kwa kigugumizi, kisha miaka kumi na tisa ya ndoa ikamtoka kama bomba lililopasuka. Watu walishangilia mpaka viti vikaanguka. Hoja yake iliponea chupuchupu, kwa kura mbili.

Njiani kurudi nyumbani mama alimgeukia. "Mume wangu," akasema, "pale uliposema nakoroma, ushahidi ulikuwa dhaifu."

"Dhaifu kivipi? Wewe umelala, utajuaje?"

Mama akasimama, akamtazama kana kwamba wametambulishwa leo. Halafu akamshika mkono, akamjibu, naye akajibiwa. Waliupita mlango wao wenyewe bila kuuona, wakaendelea kubishana hadi kona ya pili.