Mtutu Msafi Kuliko Yote Usambara

Nimeishia darasa la nne, na malori yangu mawili yanashusha kabichi na karoti Mombo kila siku ya Mungu. Injini nilijifunza kwa kuungua mikono, biashara nilijifunza kwa kutapeliwa, na kitu ambacho sikijui katika milima hii basi hakina faida kukijua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu kabla sijanunua bunduki. Siku hizi maneno hayo nayasema nikiwa peke yangu kwenye gari, vioo nimepandisha.

Bunduki niliinunua kwa sababu ya mama mkwe. Ana shamba moja tu la mahindi, limeegemea msitu upande wa njia ya kwenda Mtae, na mwaka ule nguruwe pori walikuwa wameligeuza hoteli. Alitangaza kwamba wakirudi tena kabla ya mavuno, analiacha shamba na kuhamia kwa mwanawe Tanga. Mke wangu alilia usiku kucha. Mama yake katika joto la Tanga, bila jembe, atakaa afanye nini? Basi nikasimama mbele ya ukoo wote nikasema, "Hakuna nguruwe atakayeonja tena punje ya mama. Niachieni mimi."

Mama mkwe haongei nami ana kwa ana. Ni heshima ya kizamani ya mkwe na mkwe: anageuka pembeni na kumwambia binti yake, hata kama mimi niko hapo hapo nanyoosha mkono kupokea kikombe.

"Mwambie mumeo," alisema, "nguruwe hawaogopi hotuba."

Nikahangaikia kibali, nikakipata, bunduki nikaifuata Arusha. Raifo mpya, inang'aa kama lori lililotoka bandarini. Muuzaji akanipa maelekezo. Mtutu mpya, akasema, ndani una mikwaruzo midogo usiyoweza kuiona. Piga risasi moja, safisha. Piga nyingine, safisha tena. Endelea hivyo mpaka ulainike. Ukifululiza, shaba ya risasi inaganda kwenye mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, na bunduki haitalenga sawasawa. Akaniwekea fimbo ya kusafishia, kichupa cha dawa, na vitambaa vyeupe vidogo. "Tumia hivi tu, mzee."

Nilicheka kimoyomoyo. Mimi wa kufundishwa hayo? Injini mpya naibebesha kabichi siku ya kwanza? Si naiendesha taratibu mpaka vyuma vizoeane? Tena vile vitambaa vilikuwa vya kufutia miwani, si silaha. Kabla sijafika Mombo nilikuwa nimevimaliza kwenye kioo cha gari.

Jumamosi mchana nikapanda shambani kwa mama mkwe na bunduki, mkeka, chupa ya chai, na kanga moja ya mke wangu ambayo niliamini haikumbuki. Nikachagua ukingo mrefu wa udongo chini ya shamba, mahali ambapo risasi haiwezi kwenda kwa mtu, nikapiga.

Mlio ulikwenda ng'ambo ya bonde, ukarudi, ukaenda tena. Bega lilinipa taarifa zake. Nikakaa mkekani, nikachana kipande cha kanga, nikakilowesha dawa, nikakisukuma ndani kwa fimbo. Kikatoka cheusi. Cha pili kikatoka na ukijani. Shaba hiyo! Nikakiangalia kama daktari anavyoangalia picha ya mapafu. Nilisugua mpaka kikatoka cheupe, nikanywa chai, nikapiga ya pili. Kimya kirefu, nasugua. Nilijiona fundi mkuu wa Afrika Mashariki.

Baada ya hiyo ya pili nikaona kazi inachelewa. Nikakunja kanga mara mbili ili isugue kwa nguvu. Ikaingia hadi katikati ya mtutu, ikagoma. Nikasukuma, haiendi. Nikavuta, hairudi. Nikaegemeza kitako cha bunduki kwenye kisiki, nikaning'inia kwenye fimbo kwa uzito wangu wote, nao si mdogo. Wapi!

Nikiwa katika hali hiyo nikasikia watu wanapanda mlima wakiimba. Mbele alikuwa jirani yangu, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri, kashika panga. Nyuma yake wanawake na masufuria, wanaume na mikuki, mbwa, na mtu mmoja kabeba mkungu wa ndizi kabisa.

"Bosi, hongera! Yuko wapi?"

"Nani?"

"Nguruwe!"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mlio mmoja, kimya, halafu mlio mwingine, maana yake mnyama ameanguka. Wa kwanza ni wa kumuua, wa pili ni wa kuita. Na kwa kuwa sisi Waislamu nguruwe hatumgusi, wanaoitwa ni jirani zetu Wakristo, waje wambebe. Mimi niliyezaliwa hapo hapo nilikuwa nimeutangazia mlima mzima kitoweo.

"Nilikuwa nasafisha," nikasema.

"Unasafisha kwa risasi?"

"Mtutu mpya ndivyo unavyofanywa. Unapiga, unafuta, unapiga..."

Mama mmoja akatua sufuria chini. "Baba, mimi nimeshakata vitunguu."

Hakuna aliyekubali kurudi na sufuria tupu. Jirani akagawa watu: wenye mikuki wakashika njia ya juu, wengine wakaingia msituni na mbwa, wakipiga masufuria na kupiga mayowe. "Wewe bosi kaa hapo na bunduki yako. Akitoka huku, mmalize."

Na akatoka huku. Dume, jeusi, limejaa matope, likapita karibu yangu kiasi kwamba lilikanyaga mkeka na kuangusha chai. Mimi nilikuwa nimeelekeza bunduki mbele, fimbo ya kusafishia bado imenasa mtutuni, imechomoza kama mshikaki, nikapiga kelele, "Huyoo!" Huo ndio mchango wangu. Lilipokwepa kelele likaangukia kwenye mikuki. Majike na watoto wao wakakimbilia ng'ambo ya bonde, na mpaka tunavuna hawakurudi.

Mama mkwe alivuna magunia ya kumtosha, na habari za Tanga zikaisha. Nilipokwenda na mke wangu kumsalimia, kidevu juu kidogo, nikasema, "Shikamoo mama." Akageuka pembeni.

"Mwambie mumeo marahaba. Mwambie nimesikia alivyompigia nguruwe kelele."

Kisha akampa mke wangu kapu la mahindi mabichi na kifurushi, akasema ni cha mumewe. Nilikifungulia garini. Ilikuwa kanga yake kuukuu, laini kwa kufuliwa, ameikata yote vipande vidogo vidogo, kimoja hakizidi kiganja.

Kile kilichokwama nilishakitoa, na hivi vinapita kwenye mtutu bila shida. Hata leo asubuhi nimepitisha kimoja, kikatoka cheupe, na bunduki haijawahi kuua hata panya.