Ua wa Baba Usioliwa

Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa Uhuru tulijua maswali mawili tu kuhusu mmea wowote: unaliwa? Na kama hauliwi, unatibu nini? Ndiyo maana siku Baba aliporudi na baiskeli kutoka Homa Bay mjini, gunia bichi likichuruza maji nyuma, nyumba nzima ilitoka nje. Dani, mama yake Baba, akawa wa kwanza kutia mkono guniani. Akatoa kitawi cha urefu wa shubiri, chenye majani madogo kama punje za dengu.

"Hii inaliwa?"

"Hailiwi, Mama. Inaangaliwa."

"Haya. Jioni nitakupa sahani tupu uiangalie."

Baba alitunza bustani ya afisa mmoja Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Vile vitawi alivikata kwenye ua wa afisa huyo. Jumapili iliyopita alikuwa amesimama kanisani akaahidi kwamba Krismasi ingekuta kanisa letu la udongo limezungushiwa ua wa kijani ulionyooka kama rula. Mama alimvuta koti aketi, lakini alikuwa amechelewa.

Baba alikata kila kitawi chini ya kifundo, akaondoa majani ya chini, akakichomeka kwenye mkebe wa mchanga wa mto, kisha akaezeka kivuli cha matete. Akatuita, mimi na mdogo wangu Akinyi. "Wiki sita. Mwagieni maji asubuhi na jioni. Msiguse."

Sasa niambie, mtoto wa miaka minane atajuaje mizizi imetoka bila kuangalia? Kila asubuhi tuling'oa vitawi, tukapuliza mchanga, tukachungulia, tukavirudisha kwa adabu. Tulikwenda kwa zamu ili mkebe wowote usionewe. Majani yalipokauka Baba alilaumu kuku, akalaumu mchanga, akamlaumu jirani mwenye kijicho. Sisi tulimsaidia kulaumu.

Wiki ya sita akamwalika pasta na wazee wa kanisa. Wakanywa chai, wakazunguka mikebe. Baba akavuta kitawi cha kwanza taratibu, kama anayeiba yai chini ya kuku. Kikavu kama njiti ya kiberiti. Akavuta cha pili. Ndipo Akinyi, aliyependa sana kusaidia, akasema kwa sauti:

"Baba, hiyo hata jana haikuwa na mizizi."

Pasta akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Baba hakucheka. Hakutuchapa pia, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Alikusanya vijiti vyake kimoja kimoja, akampa Mama awashie moto.

Jumatatu akamwomba afisa mpya, Mwafrika mwenzetu, ruhusa ya kukata vingine. Jioni akatupa mkebe mmoja kila mtu. "Hii ni yenu. Ng'oeni mpaka mchoke. Ile mingine ni ya Mungu."

Kitawi cha Akinyi kilikufa siku ya tisa. Mimi niliikalia mikono yangu. Asubuhi moja nikaona jani jipya, dogo kuliko ukucha, nikapiga yowe. Baba akaja mbio na panga akidhani ni nyoka. Alipoona, akapiga magoti. "Usiguse," akaninong'oneza, huku yeye mwenyewe akiligusa kwa ncha ya kidole.

Krismasi ile ua tuliopanda kuzunguka kanisa ulitufika kwenye vifundo vya miguu, na mbuzi wa pasta aliuvuka bila kujua upo. Baba alisimama kanisani akawaomba waumini wauheshimu. Miaka michache baadaye ulitufika kifuani, na baada ya ibada wasichana tulitembea tukipitisha viganja juu yake, vumbi na nyuki vikiruka.

Leo wajukuu wangu wananunua miche mjini Oyugis, tayari ina mizizi. Wanapanda Jumamosi, na Jumatatu wanaipiga picha na simu kuishtaki kwamba haikui. Kanisa nalo limejenga ukuta wa mawe. Ni imara, sikatai. Ila nikitoka ibadani mkono wangu bado hunyooka pembeni wenyewe, ukagusa jiwe lenye joto la jua, nami nikaurudisha mfukoni.