Alama ya Njano Kwenye Stoo ya Mahindi

Nilitaka kidude kimoja tu chenye mionzi, kidogo kama kifungo cha shati, ili wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne wasikie mashine ya kupimia ikilia kabla hawajamaliza shule. Miaka yote nimefundisha mionzi kwa chaki. Nachora vishale ubaoni, nasema, "Hapa mashine ingelia tik," nao wananiangalia tu kwa huruma. Aibu tupu!

Basi nikaanza kutafuta leseni. Fomu zilitaka chumba chenye kufuli mbili na alama ya njano ya hatari mlangoni. Mkaguzi angetoka Nairobi aje aone hayo kwanza, na akiridhika ndipo tungeruhusiwa kununua. Nikasafisha kichumba nyuma ya maabara, hapa shuleni kwetu upande wa Yamumbi, nikapigilia alama. Halafu, kwa vile mdomo wangu hauna breki, nikawatangazia wanafunzi kwamba atakayeugusa mlango huo atapata upara kabla ya ndevu. Chumba kilikuwa tupu, hata panya hakuna. Lakini wacha waogope! Wakawa wanazunguka nyuma ya vyoo ili wasipite hapo.

Aliyeyaona hayo vizuri ni mama wa stoo ya chakula. Wavulana wa bweni walikuwa wamemchosha kwa kuiba mahindi ya kukaanga. Na shuleni kwetu kitu cha shule ni cha wote: ndoo ya maabara inadeki jikoni, ngazi ya jikoni inalala maktaba. Hakuniuliza.

Mkaguzi alifika saa ya chakula. Njia ya maabara inapita jikoni, na foleni ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilikuwa ndefu. Akasimama ghafla. Alama yangu ilikuwa kwenye mlango wa stoo ya mahindi.

"Mwalimu, hapa mnapika nini?"

"Githeri, bosi."

Akatoa mashine yake kwenye begi, akaielekeza kwenye magunia. Tik. Kimya. Tik, tik.

Woi! Sahani zikaanza kuwekwa chini. "Tumekwisha!" msichana mmoja wa Kidato cha Nne akapiga kelele. Mama wa stoo akashika kichwa.

"Mwalimu, mimi nilichukua picha tu! Sumu sikuchukua!"

Mkaguzi akaigeuza mashine. Akapima ukuta, akapima mchanga, akapima kiatu chake mwenyewe. Kote ikalia tik, polepole. "Hii ni kawaida," akawaambia. "Mawe, udongo, hata sisi, tuna mionzi kidogo. Hakuna mahali itanyamaza."

Yule msichana akaomba kuishika. Githeri ikasahaulika. Wakapima vijiko, wakapima mti wa avokado, wakapima upara wangu. "Kumbe mwalimu aliugusa mlango!" mmoja akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Kisha msichana akakunja uso, akasogeza sikio.

"Mwalimu, mbona hailii kwa mpango kama saa? Mtu hawezi kujua tik ya pili itakuja lini."

Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni mara ngapi, na hakuna aliyewahi kuiamini, hata huyu.

Mkaguzi akafunga begi lake. "Leseni sikupi, mwalimu. Alama ikishadanganya watoto, siku hatari ikija kweli nani ataisikiliza?" Aliyeanza kudanganya ni mimi. Nikaing'oa alama mbele yao wote, nikawaambia wazi kwamba chumba changu kilikuwa tupu tangu mwanzo.

Darasa lile lilimaliza shule bila kidude. Kwenye mtihani walikuta swali la mionzi, na walitoka chumba cha mtihani wakicheka, "Tik, tik!"

Mahindi nayo yalianza kupungua tena kabla wiki haijaisha. Mama wa stoo hajanisamehe hadi leo. Kila nikipanga foleni, githeri yangu inakuja bila maharagwe.